Tukopesheni Bustani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Kupitia kwa Mtendaji,
Kupitia kwa yule mgambo mwenye buti kubwa kuliko mguu.

YAH: UZEMBE WETU KATIKA MASUALA YA BUSTANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, tangazo lako tumelipata. Lilianza kwa mjumbe, aliyepita nyumba kwa nyumba akiomba na maji ya kunywa, likaja kukaziwa kwa kipaza sauti cha bodaboda, Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Tumeelewa kwamba wakazi tumekuwa wazembe, kwamba mbele za nyumba zetu hakuna mvuto, na kwamba kila kaya ambayo kufikia mwisho wa mwezi itakuwa haina "bustani ya maua inayoonekana kutoka barabarani" itatozwa faini ya shilingi 50,000. Hapo kwenye "inayoonekana kutoka barabarani" nilisimama nikayarudia maneno kimoyomoyo. Ahsante kwa ukweli wako. Wenzako huwa wanasingizia afya.

Kwanza nakubaliana nawe. Mtu akipita mtaani kwetu ndani ya gari la vioo vyeusi, kwa mwendo kasi, huku amesinzia, hataona bustani hata moja.

Akishuka ataona mengine. Fundi cherehani wa pale kona ana mnanaa na mrehani kwenye makopo ya rangi, ameyapanga kwa ukubwa. Nyumba ya wapangaji ina mlonge mmoja unaochumwa kwa zamu, na zamu hizo zinaheshimiwa kuliko zamu za kuosha choo. Pale bomba linapovuja, mtu ambaye hajawahi kujitangaza alipanda mchaichai, na kila anayekwenda kuchota maji hukata majani ya chai yake akaendelea na safari. Chini ya mwarobaini ndipo vijana wa bodaboda wanapoegesha, ndipo tunapokalia misiba, na ndipo wewe, Mheshimiwa, uliposimama ukaomba kura. Mti huo haukutajwa kwenye tangazo. Nadhani hauonekani kutoka barabarani.

Na kuna matuta ya yule mama mjane wa nyumba ya pembeni. Mchicha na tembele, ubavuni mwa nyumba, kwenye kijia ambacho hata bajaji haipiti. Maji yake ni yale ya kuoshea mchele na kusuuzia vyombo. Yenye sabuni anaupelekea mpapai, ambao hauna makuu. Mchicha, kwa kuwa ofisi yako inapenda utaalamu, hufika kuvunwa wiki tatu au nne tu tangu mbegu ichomoze. Ukipanda tuta leo na jingine wiki ijayo, hukosi mboga, na ziada unaiweka kwenye sinia mlangoni jioni, watu wakitoka kazini. Ndivyo mama anavyoishi.

Vijana wako wanayajua matuta hayo vizuri kuliko mimi. Wanakuja masika, mboga ikiwa imenawiri, wanasema kilimo mjini hakiruhusiwi, wanang'oa. Wanarudi kiangazi, wanakuta ardhi tupu, wanaandika faini ya ardhi tupu. Risiti wanakata kwa mashine, kila kitu kihalali. Mama analipa kwa mafungu, anapanda upya, na masika haicheleweshi ahadi.

Ninalo swali dogo, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi tu. Mchicha unaong'olewa huwa unapelekwa wapi? Dampo si jibu, maana gari la taka halijaonekana huku kwetu kwa muda ambao hata watoto wameanza kulisahau. Mbuzi wako tunamwona kila siku na hajanenepa, kwa hiyo si yeye.

Mnamng'olea mjane mboga, Mheshimiwa. Tuyaache ya mandhari na mvuto. Hilo ndilo mnalolifanya. Mtu mzima mwenye mshahara na buti za serikali anainama kung'oa chakula cha mtu asiye na mshahara, wajukuu wakitazama, kisha anamdai elfu hamsini kwa sababu hakupanda waridi. Nimetafuta jina la heshima la kitendo hicho ili niliweke kwenye barua hii. Sikulipata.

Samahani. Ni joto. Tuendelee na bustani.

Hata zile Kanuni za Kilimo Mjini za mwaka 1992 hazikumkataza mtu kulima. Zilimtaka asizidishe ekari 3. Matuta ya mama yakiunganishwa yote, ukaongeza kibaraza chake, ukaongeza na kivuli cha mpapai saa kumi jioni, hayajafika ukubwa wa chumba unachofanyia vikao vya kutujadili. Wazee wa mtaa ndio wanaoshangaa zaidi, maana wao wana kumbukumbu. Mwaka 1972 walitangaziwa kutoka Iringa kwamba Siasa ni Kilimo. Ukame ulipopiga, mwaka 1974 wakaambiwa ni Kilimo cha Kufa na Kupona, hata watu wa maofisini wakashika majembe, na mzembe wa siku hizo alikuwa yule mwenye kipande cha ardhi asiyekilima. Babu mmoja wa huku kwetu anauliza, akitaka tu kuwa mwananchi mwema, amri ile ilifutwa lini, ili ang'oe mihogo yake kwa tarehe sahihi.

Mahindi ndiyo usiseme. Tulielezwa kwamba yanaficha vibaka na yanazalisha mbu. Kibaka anayejibanza nyuma ya mihindi michache ya mlangoni atakuwa na njaa, mwacheni ale. Mbu naye hazaliwi kwenye jani la mhindi. Huzaliwa kwenye maji yaliyotuama, na hayo tunayo ya kutosha ndani ya ule mtaro wa mbele ya ofisi yako, uliochimbwa kwa sherehe na kuachwa bila kuelekezwa popote.

Tukiwa hapo hapo kwenye maji yaliyotuama: tangazo linashauri kwamba asiye na uwezo wa kununua vyungu apande maua kwenye matairi chakavu, ayapake rangi nyeupe na nyekundu. Wazo zuri, na matairi chakavu ni mali pekee ambayo mtaa huu haujawahi kupungukiwa. Ila homa ya dengi ilipolikumba jiji mwaka 2014, na iliporudi 2019, tulifundishwa kwamba mbu wake anapenda maji yaliyosimama ndani ya makopo, visahani vya vyungu na, zaidi ya vyote, matairi. Mkazi afanye nini? Akiweka tairi, Bwana Afya anamwandikia. Asipoweka, Mtendaji anamwandikia. Ofisi zenu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu, gongeaneni.

Halafu maji yenyewe. Ukoka wa mita za mraba 20, kipande kidogo tu cha kutosha kumfurahisha mpita njia, kwenye jua la Januari unataka karibu lita 100 kwa siku. Hayo ni madumu matano. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo, kuna nyumba ziliogea dumu moja watu wote. Sina ujasiri wa kumwambia mtoto aende shule bila kuoga kwa kuwa ukoka una kiu. Mtasema mbona Moshi wanaweza. Kila kikao mnatutajia Moshi. Moshi wana Kilimanjaro unaowashushia chemchemi hadi mlangoni. Tuleteeni mlima, hata wa kati.

Kwa kuwa najua mlima unahitaji kibali, ninaleta ombi jepesi zaidi, ambalo naamini litaiokoa ofisi na sisi pia. Tunaomba bustani ya kukopa.

Nifafanue. Sote tunajua kwamba tangazo la bustani hutoka pale tu panapotarajiwa ugeni. Siku nyingine hata tukifunikwa na vumbi hakuna kipaza sauti kinachotutafuta. Na ugeni wenyewe hupita na ving'ora, na macho ya mgeni yakigeukia upande wetu hayakai muda wa kupiga chafya. Kwa nini kila kaya imiliki maua ya mwaka mzima kwa ajili ya chafya moja? Ofisi inunue bustani moja. Moja tu, nzuri, ihifadhiwe kwenye ile stoo iliyokuwa ya madawati kabla madawati hayajapata safari.

Ukoka uje umeoteshwa juu ya magunia ili ukunjike. Usiku wa kuamkia ugeni, vijana wa mgambo, ambao mikono yao imeshazoea mimea, wautandaze kuanzia dukani hadi msikitini, wakificha maungio kwa mchanga. Waridi, bugenvilia na asumini zije kwenye viriba, kila kiriba kimeandikwa kwa rangi nyeupe MALI YA MTAA na namba yake, kama viti vya shule. Mkazi atie saini kwenye daftari kwamba amepokea kiriba fulani chenye maua kadhaa yaliyochanua na kadhaa yanayokaribia, na akirudisha pungufu alipe. Miashoki miwili mirefu ifungwe kwenye mikokoteni, ili msafara ukishaipita nyumba ya kwanza, vijana wakimbie nayo kwa uchochoro wa nyuma waiwahi nyumba ya mwisho. Wasukuma mikokoteni ya maji wapo na wataifanya kazi hiyo kwa moyo, wakilipwa kabla.

Awepo mzee mmoja mwenye ndevu zilizochanwa, akae kitini akinusa ua. Si lazima awe wa mtaa huu. Awepo mtoto mwenye sare isiyochanika, ameshika keni ya kumwagilia. Keni iwe tupu, tafadhali, tusiingie kwenye matumizi yasiyo na bajeti. Mbuzi wote wafungwe tangu jana yake, akiwemo wako, ambaye tunamheshimu lakini hana subira. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, mgeni akasimamisha gari na kutaka kushuka, pawe na mtu mwenye suti wa kumkimbilia na kumweleza kwamba nyasi zimepigwa dawa asubuhi hii hii.

Msafara ukishapotea kwenye kona, bustani ikunjwe, ihesabiwe, ipelekwe mtaa wa pili, ambako ugeni utafika baada ya chakula cha mchana. Wao watulipe ada ya kukodi, mapato ya ndani yapande, na tuzo ya usafi ije kutundikwa kwenye ukuta wako, pale chini ya saa iliyosimama. Sisi tutabaki na vumbi letu na mchicha wetu, na hakuna atakayemdai mwenzake.

Mengine ni madogo. Kile kiwanja cha wazi, ambacho kwenye ramani ni bustani ya watoto na kwenye ardhi ni baa yenye sehemu ya kuosha magari: tunaomba mwenye baa naye apande waridi, maana anaonekana kutoka barabarani kuliko sisi sote, hasa usiku. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafagia pamoja na taifa zima, tunajaza viroba, na viroba vinatusubiri hapo hapo hadi Jumamosi ya mwisho ya mwezi unaofuata. Ada ya taka tunalipa, kwa hiyo gari lije hata kwa matembezi. Mwenye nyumba wangu hataki nichimbe shimo hata la mlimau, hivyo faini yangu apelekewe yeye, namba yake ninayo. Na ile bustani ya mimea jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 na kumegwa miaka nenda rudi: walioimega walitozwa elfu hamsini kila mmoja, au walichangishana?

Unaweza kudhani mimi nachukia maua. Asumini ya jioni naipenda, na mama zetu waliivaa nywelani bila kusukumwa na Mtendaji. Tatizo ni kwamba mnataka tuwapambie wageni wenu njia kwa maji tusiyoyapata, kwa hela mnazotunyang'anya, juu ya ardhi ambayo mmetoka kung'oa chakula chetu, halafu mnatuita wazembe. Mzembe ni nani hapo? Mtaro ule ni wa nani?

Basi. Nimemaliza na la mtaro.

Kwa taarifa ya ofisi, yule mama amepanda tena. Safari hii na mimi nimepanda, na fundi cherehani, na wapangaji wa nyumba yenye mlonge. Matuta yako mbele kabisa ya milango, yanaonekana kutoka barabarani kama ulivyoagiza, na mchicha utakuwa tayari ndani ya mwezi huu. Vijana wako wakija waje na vikapu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na nisingependa kuiona ofisi yako inavunja sheria mlangoni kwangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa nyumba isiyo na waridi

Nakala: Bwana Afya, ukuta wa pili.