Mtu Mmoja, Nyota Tano

Mimi nina nyota tano, kama hoteli ya watalii. Sikuzinunua wala sikuzirithi. Zimetokana na hesabu, na kila aliyenihesabia aliapa kuwa mwenzake kakosea.

Ya kwanza ni ya karatasi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema 1 Januari, na hapa Makangale, Pemba, ukiwapanga watu wa rika langu kwa vyeti vyao utadhani nusu ya kijiji ilizaliwa usiku mmoja. Mama yangu hakuwa na kalenda. Anachokumbuka ni kwamba karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini, mvua ikitishia, na watu wote mbio kuziingiza ndani, ndipo uchungu ukamshika. Karani akaandika tarehe iliyokuwa nyepesi mkononi. Kwa hiyo kwenye magazeti mimi ni Mbuzi, wenye elimu yao huita Jadi: mvumilivu, mchapakazi, mtu wa kupanda mlima taratibu mpaka kileleni. Makangale haina mlima.

Nne zilizobaki ni za falaki, na hizo ndizo zilizonitia matatani. Hesabu yenyewe ni ya zamani na haina siri. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, unakwenda hivyo mpaka ghaini ambayo ni 1000. Unajumlisha jina lako na jina la mama yako, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo buruji yako. Ikibaki moja wewe ni Hamali, mbili Thauri, tatu Jauza, mpaka kumi na mbili, Hutu, yaani Samaki. Jina langu Hamad halina ugomvi: ha 8, mimu 40, dali 4, jumla 52. Ugomvi uko kwa mama. Mama anaitwa Asha.

Maalim wa kwanza alimwandika Aisha, kama Kiarabu kinavyotaka, na ile taa marbuta ya mwisho akaipa thamani ya he, yaani 5. Mama akatoka 386, pamoja nami 438, zikabaki 6. Nikawa Sumbula, au Mashuke. Wa pili akaguna. Akasema mtu huhesabiwa kwa jina analoitwa, na mama yako jirani zake wanamwita Asha, hawamwiti Aisha. Akaitupa yaa ya kati pamoja na kumi yake, jumla ikawa 428, zikabaki 8. Nikawa Akrabu, Nge. Wa tatu akawashangaa wote wawili: taa ni taa hata ikifungwa, na taa ni 400. Akapiga hesabu ya Aisha akapata 833, zikabaki 5, Asadi, Simba. Nilipomuuliza vipi kwa Asha, hakusita: 823, zinabaki 7, Mizani.

Walimu watatu, nyota nne zinazofuatana, mama mmoja. Nilipomsimulia mwenyewe aliacha kupepeta mchele akanitazama. "Mie nimekuzaa mara moja tu, mwanangu. Hao wengine wanne kawaulize walimu."

Mtu atasema kuwa na nyota tano ni neema. Kila mwezi mpwa wangu hunitumia kwenye simu utabiri wa nyota zote kumi na mbili, nami husoma tano nikachagua. Mwezi uliopita Simba aliambiwa apumzishe mwili na asijilazimishe na kazi nzito, nikaona hapa nimeandikwa kwa jina. Kwa bahati mbaya mke wangu naye anazijua zote tano. Alikuwa ameshasoma Nge, aliyeambiwa huu ni mwezi wa kutengeneza nyumba na kumridhisha mwenza. Paa la jiko linavuja tangu masika. Asubuhi hiyo Simba alionekana juu ya paa akishona makuti.

Nge huyo huyo aliahidiwa fedha itakayovuka bahari. Wiki haikwisha, simu ikalia kutoka Muscat. Alikuwa shemeji yangu, sauti tamu, salamu za ukoo mzima mpaka paka. Kisha akaniagiza karafuu na pweza mkavu, nimnunulie kwanza, gharama za kupeleka nilipe mimi, tutahesabiana akija. Siwezi kusema utabiri ulidanganya. Fedha ilikuwapo na bahari iliivuka. Kilichokosewa ni upande tu.

Lakini kubwa lilikuwa safari ya Wete. Nilikuwa na karatasi za kiwanja za kupeleka kwenye ofisi moja, na Mashuke aliambiwa shughuli za karatasi zitamnyookea. Mzee wangu mmoja, mtu wa falaki, akanishauri nisiende kienyeji. Niondoke Alhamisi, saa ya Mushtari. Falaki huzigawa saa za mchana kwa sayari saba, na sayari inayoshika saa ya kwanza ndiyo mwenye siku. Alhamisi ni ya Mushtari, sayari ya kheri na riziki. Baada yake hufuata Mirihi, mwenye vita na ugomvi, kisha Shamsi, Zuhura, Utaridi, Kamari, Zuhali, halafu inarudi Mushtari saa ya nane. Na sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo hatuhitaji hata kubadilisha saa ya mkononi. Nadhani hapo tu Waswahili tumewapita wanajimu wa London.

Saa ya kwanza ya Alhamisi, basi, ni baina ya kumi na mbili na moja asubuhi. Muda huo mbuzi wa jirani alikuwa ndani ya mihogo yangu. Mpaka nimemtoa, nimemfunga, na nimebadilisha kanzu, imeshagonga saa moja na dakika kadhaa na Mirihi yuko zamu. Gari la Konde likanipigia honi. Nikamwashiria dereva aende. La pili nalo likapita, limejaa madumu na watoto wa skuli, na kondakta akaniita kwa jina. Nikakaa barazani na bahasha yangu nikimngoja Mushtari arudi saa saba mchana, na kila aliyepita aliniuliza kama nimefiwa.

Alirudi, na mimi nikapanda. Tukapita katikati ya msitu wa Ngezi, tukafika Konde, nikangoja gari la Wete lijae, nalo lilikuwa halina haraka. Nilipoingia ofisini kijana alikuwa na funguo mkononi.

"Baba, ungewahi asubuhi."

"Asubuhi ilikuwa Mirihi," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Gari la Mirihi ndilo lipi hilo? Lile la kijani la Konde?"

Sikuwa na nguvu ya kumfafanulia.

Kuna pia habari ya Akrabu. Mwezi huzunguka buruji zote kumi na mbili kwa siku ishirini na saba na ushei, kwa hiyo kila mwezi hukaa ndani ya Akrabu siku mbili na kitu. Wanaofuata mambo haya siku hizo hawafungi ndoa, hawaanzi ujenzi, wala hawashushi chombo kipya baharini. Sina ubishi na hilo. Mtu kungoja siku mbili hafi. Tatizo ni jirani yangu, mwenye mbuzi yule yule, ambaye nilimkopesha fedha kabla ya Ramadhani. Nilipokwenda kudai aliniambia kwa upole kabisa kwamba mwezi uko Akrabu na deni halilipwi mwezi ukiwa Akrabu. Nikaona ni adabu, nikarudi nyumbani. Wiki iliyofuata, Akrabu. Iliyofuata tena, Akrabu. Kwa hesabu yake mwezi umeshahamia huko na umeoa.

Kusema kweli anga lenyewe halisaidii. Hizi buruji zilipangwa na watu wa Babeli zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Tangu hapo mhimili wa dunia umekuwa ukiyumba polepole, mzunguko mmoja kwa miaka kama 26,000, na nyota zimeteleza zikaacha tarehe zake. Siku ya 1 Januari jua halipo mbele ya nyota za Mbuzi, lipo mbele ya nyota za Mshale. Na mwanzoni mwa Desemba jua hupita kwenye kundi la kumi na tatu, la Mshika Nyoka, ambalo magazeti hayalitaji. Kwa hiyo nyota yangu ya karatasi nayo ina mgogoro wa mpaka, na ya sita nimeiweka akiba.

Magazeti nayo si ya zamani kama tunavyodhani. Utabiri wa gazetini ulishika kasi mwaka 1930, alipozaliwa Margaret wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, na gazeti la Sunday Express likamtaka mnajimu R. H. Naylor amsomee mtoto nyota yake. Wasomaji wakaipenda, wakataka na zao. Kwetu Tanzania ukitaja utabiri watu wazima humtaja Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, na kila mzee ana utabiri wake mmoja anaouapia kuwa ulitimia. Ambao haukutimia hakuna anayeukumbuka. Cha ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1930 kuelekea 1931 mwandishi Evelyn Waugh alipita Zanzibar, na katika kitabu chake Remote People akaandika alivyosimuliwa kuwa Pemba ndiyo skuli kuu ya uganga, na kwamba wanafunzi huja toka maziwa makuu, hata kutoka Haiti. Kama ni kweli, basi sisi wenye skuli tunasomewa nyota na kijana wa mjini mwenye bando la intaneti.

Masheikh wetu, nao, wanatenganisha mambo. Hesabu ya mwandamo na nyakati za sala ni elimu, nyota ni pambo la mbingu na dira ya mabaharia, na kumwendea mtu akwambie kesho yako ni jambo la kujiepusha nalo. Hayo tunayasikia Ijumaa. Utabiri wa mpwa wangu huja Jumamosi.

Barazani kwetu nimewahi kufanya mchezo wa kuiga. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Mmarekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kila mmoja maelezo ya tabia yake, akawataka wapime usahihi wake kwa alama tano. Wastani ukatoka 4.26. Kumbe wote alikuwa amewapa karatasi moja, nyingi ya maneno yake ameyachota kwenye kitabu cha unajimu. Basi na mimi, kahawa ikiwa imeshamiminwa, nikatoa simu nikajifanya nasoma. Kwa nahodha, ambaye ni Kaa, nikasoma: una moyo wa huruma lakini watu wanautumia; kuna mtu wa karibu anakuchekea na hakupendi; fedha inakujia lakini haikai. Nahodha akaweka kikombe chini. "Wallahi kaniandika mimi. Na huyo mtu namjua." Nikamgeukia mwenye duka, Samaki, nikasoma yale yale, neno kwa neno, kwa sauti ya taratibu zaidi. Akatikisa kichwa mpaka kofia ikakaa upande. Nikarudia kwa fundi seremala. Alitaka nimtumie kwenye simu yake.

Nilipowaambia ni maneno yale yale, na nimeyatunga mwenyewe nikiwa juu ya paa, nilitegemea watacheka. Mwenye duka aliwaza, kisha akatoa hukumu: "Basi sisi sote nyota moja." Nahodha aliondoka akiwa bado anamtafuta yule mtu wa karibu.

Yote haya yanatokea mahali ambapo mbingu huheshimiwa kwa vitendo. Mwezi ukiandama au ukifika kumi na nne, maji ya Makangale huenda mbali na hurudi kwa nguvu, ndilo bamvua, na wanawake wa mwani hushuka pwani saa wanayoijua bila kutumiwa ujumbe na mtu. Wazee bado wanahesabu miongo tangu Nairuzi, siku kumi kumi, thelathini na sita, na tano za nyongeza, wakijua kusi inakaza lini na lini inalegea. Ras Kigomasha mnara wa mwaka 1900 unawaonyesha mabaharia njia, na haujawahi kuuliza nani ni Mizani. Mke wangu akisema keshokutwa tunashuka, tunashuka. Sijasikia mtu akimbishia kwa tarakimu za jina la mama yake.

Kwa kuwa nina nyota nyingi kuliko mtu yeyote kijijini, mwezi ujao nimeamua kuandika utabiri wangu mwenyewe, na nauweka hapa kwa faida ya wote. Ndoo: mfereji utakauka katikati ya wiki, jaza ndoo zote Jumatatu. Mapacha: kwenye gari la Konde utalipa nafasi ya mmoja na kukalia nusu yake. Mizani: mpime muuza dagaa mizani yake. Samaki: bei itapanda siku utakayotembelewa na wakwe. Mbuzi, yule wa miguu minne: utafungwa kamba. Punda, Ng'ombe na wengineo fuateni ya Ndoo, maji hayachagui.

Na wewe jirani, ukisoma haya, nimekuangalizia kwenye hesabu zote nne za walimu wangu. Mwezi umetoka Akrabu tangu Jumanne. Lete fedha yangu.