Barua ya wazi kwa mwenye tumbili

Mheshimiwa,

Tumbili wako huku Mumias hawajambo, wamenawiri, na mahindi mabichi ya msimu huu wameshayaonja kabla yetu.

Najua ni wako kwa sababu nikimuua mmoja nitashtakiwa. Wakimaliza shamba, ghafla hawana mwenyewe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 nimeisoma. Ndovu yumo kwenye orodha ya fidia, simba yumo. Hata papa, taa na nyangumi walikuwamo ilipopitishwa. Ndovu au simba akikuua, familia hudai shilingi milioni 5. Tumbili hayumo.

Basi ombi langu ni dogo: tuletee nyangumi, na umrudishe kwenye orodha. Mmoja tu, umweke mtoni Nzoia. Mvua za Aprili zikiujaza maji, atatosha akijikunja. Tutamtunza. Vijana wa boda watabeba watalii, nasi kina mama tutachoma mahindi ukingoni, maana siku hizo yatakuwepo ya kuchoma. Nyangumi hapandi shambani. Hang'oi hindi, akalitafuna mara mbili, akalitupa na kukwapua jingine huku ananikodolea macho. Tena hatanidharau. Tumbili wako, mimi nikirusha jiwe, wanakaa palepale wakijikuna. Akitokea mwanamume mwenye suruali, mbio! Na siku nyangumi akinimeza, wanangu watajua fomu ya kujaza.

Ukiona gharama ni kubwa, wapake tumbili milia, tuwaandikishe kwenye orodha kama pundamilia.

Huku miwa ilishatutupa, na kiwanda cha sukari kikakabidhiwa meneja mrasimu, msimamizi wa wadai, mwaka 2019. Tumebaki na mahindi. Mtoto wa darasa la sita anakaa juu ya kichuguu tangu alfajiri akipiga debe kuwafukuza tumbili, kisha mwalimu anamchapa maneno kwa kusinzia. Huyo ndiye askari wako wa wanyamapori, hana sare wala mshahara. Mgeni analipa dola aingie Msitu wa Kakamega atazame mbega, anapiga picha, anakwenda zake. Mnahesabu dola, mnapanda jukwaani kutuambia wanyama ni urithi wetu sote. Urithi gani huu ambao faida ni yenu na hasara ni ya mtoto wangu? Hamna haya!

Uniwie radhi, Mheshimiwa. Ni njaa inayoandika.

Ukituma afisa kukagua uharibifu, tutamkaribisha kwa chai. Tafadhali awe mwanamume, na avae suruali. Angalau siku hiyo tutavuna.

Wako mtiifu,
Mkulima, Mumias