Jinsi ya Kukodi Jahazi Lamu Bila Kugombana na Upepo

Kalenda ya ofisini iache ofisini. Wewe umezoea kupanga likizo kwa mwezi wa mshahara. Safari ya tanga hupangwa kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, huwa ni bamvua: maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, kisha hupwa mpaka chombo kilichokuwa kinaelea kikalala ubavu juu ya matope. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu; hupanda kidogo, hushuka kidogo.

Mambo haya yanahusu miguu yako. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yako mwisho wa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na chombo hufika huko maji yakiwa yamejaa. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, wenyewe wakavukia Shela, na watu wa Shela mpaka leo huenda kuomba dua penye kaburi lake la nguzo. Wao huwahi maji. Ukijipangia Takwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua, kwa kuwa ndiyo nafasi iliyobaki kwenye ratiba yako, utawazuru kaa wa mikokoni, nayo magofu utasimuliwa.

Baada ya mwezi, upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Kuanzia Aprili hadi Septemba ni zamu ya kusi. Kisiwa cha Kiwayu kiko kaskazini mashariki ya mji wa Lamu. Basi anayekwenda Kiwayu likizo ya Krismasi anaupa upepo kifua: chombo kitakwenda bisho, mara huku mara kule, na mkoko ulioupungia mkono asubuhi utaamkiana nao tena mchana. Kurudi kwake ni raha tupu. Wa Agosti anakwenda kama amesukumwa, ila marejeo yana kazi, na bahari ya nje wakati huo imechafuka, kwa hiyo mtapita ndani, visiwa viwakinge. Nahodha akisema, "Kesho, inshallah, upepo ukikubali," andika vivyo hivyo kwenye ratiba, neno kwa neno. Hilo ndilo jibu sahihi kuliko yote utakayopewa.

Mchague nahodha kabla ya chombo. Rangi mpya na mito ya hariri havijui mwamba uko wapi. Kaa naye gatini, mnywe kahawa, umuulize amekulia wapi, amepita mara ngapi njia ya Siyu, na jaketi za kuokolea ziko ngapi. Zihesabu kwa mkono wako, za watoto mbali. Mkubaliane mapema nani ananunua chakula, maji ya kunywa na mafuta ya mashine, na nani analipa ada ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979, yenye kasa na nguva. Habari za usalama wa upande wa Kiwayu ziulize Lamu mjini kabla ya kung'oa nanga, na ukiambiwa usiende, ishia kisiwa cha Pate. Mkishapatana, yaishe. Kundi lenu likiwa na mkurugenzi, mwalimu mkuu na mjomba aliyevuka feri ya Likoni mara elfu, wakumbushwe wote watatu kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama.

Sasa cheo chako chomboni. Wewe ni farumi. Jahazi haliendi sawa bila uzito, na abiria ndio uzito unaosikia ukiambiwa. Tanga likielemea, utaitwa: "Wageni, huku!" Nenda mbio, uiname, maana foromali, ule mti unaoshika tanga, haina adabu kwa mtu mrefu. Kazi hii ni ya heshima. Kwenye mashindano ya mashua ya Lamu, wanaume hukaa nje kabisa, juu ya ubao uliotokeza baharini, wakikiegemea chombo kisipinduke.

Sanduku la magurudumu halina barabara ya kupita. Begi laini litatoshea popote. Chukua kofia, kikoi, leso mbili na tangawizi ya kutafuna kwa anayelewa bahari. Choo ukiulize waziwazi siku ya kahawa, maana vyombo vingine vina ndoo na pazia, na ni heri bibi harusi wako alijue hilo akiwa nchi kavu. Mapishi usiyahangaikie. Baharia mwenye jiko la makaa ndani ya sanduku la mchanga, nazi mbili na changu aliyevuliwa saa ile, atakupikia wali ambao hoteli ya Nairobi haiuwezi.

Ukifika Pate, shuka umejisitiri, toa salamu kwanza, picha baadaye, na kwa idhini. Siyu kuna ngome, na mwendo wa miguu kutoka hapo iko Shanga, ambako wachimbuzi walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti ya tangu karne ya 8. Pale nataka ukae kimya kidogo. Watu walikuwa wakisali mahali hapo, na kutoka hapo kwenda baharini kwa tanga, miaka elfu moja na zaidi kabla yako.

Ndiyo maana nina ombi moja. Mashine imekuwa rahisi, na nahodha akimwona mgeni anaangalia saa, huiwasha. Lakini mafundi wa kijiji cha Matondoni wanaunda vyombo kwa wateja wanaovitaka, na kijana wa Lamu atajifunza tanga likiwa linamlisha. Mkishatoka gatini, mwambie: "Nahodha, zima mashine, tweka tanga. Sina haraka."