Mito Sita ya Tanzania, Tuhesabu Kutoka Mkiani

Mvua ikinyesha Tanzania, maji hayakubaliani njia. Mengine huenda Bahari ya Hindi, mengine Mediterania kupitia Nile, mengine Atlantiki kupitia Kongo, na mengine hayatoki nchini ng'o. Mwenye mto wake aje autetee.

6. Bubu. Unashuka Kondoa, unafika kinamasi cha Bahi, unakaa hapo hapo. Habari za bahari haziuhusu. Wakulima wa mpunga wa Bahi nao wanauambia: tulia, usiende popote.

5. Ruvuma. Ni mpaka na Msumbiji, ila shangazi ana harusi ng'ambo. Mto gani wa kumzuia? Tangu 2010 kuna Daraja la Umoja, basi visingizio vimekwisha.

4. Pangani. Unachota Kilimanjaro na Meru, unapumzika bwawa la Nyumba ya Mungu, unazalisha umeme Hale, ndipo uingie baharini. Wachaga na Wapare, msigombee sifa.

3. Kagera. Hakuna mto unaoingiza maji mengi zaidi Ziwa Victoria. Pale Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wa megawati 80 bila kununiana. Wahaya wakisema Misri inakunywa kwa hisani yao, mara hii wana hoja.

2. Malagarasi. Unaanzia karibu na mpaka wa Burundi, unalipa mgongo Ziwa Tanganyika, unazunguka wee, kisha unarudi kulekule ziwani. Watu wa Kigoma, mgeni wenu kachelewa lakini kafika!

1. Rufiji. Hapa sina mjadala. Kilombero ndio unaoujaza, Luwegu unaongeza, Ruaha Mkuu unajiunga, na bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Huko chini, mbele ya Mafia, mikoko ya delta inashika tope na kulea kamba. Watani wangu Wandengereko, tembeeni kifua mbele.

Ila Ruaha Mkuu unaniuma. Tangu 1993, kiangazi, mto huu hukauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Viboko hubanana kwenye dimbwi la matope, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akimfokea jirani. Maji yamebaki juu, Usangu, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mbarali. Wali wa Mbarali ni mtamu, naupenda. Basi, ndugu zangu wa Mbarali, jaruba likishajaa, fungeni mfereji: viboko hawana pampu.