Heko, Ubwiri Unga!

Simba ana wa kumsifu, ng'ombe ana wake, hata kuku wa kienyeji hakosi mtetezi. Ubwiri unga, ule ukungu unaoshambulia mizabibu, haujapata hata mtu wa kuupungia mkono. Dhuluma hiyo naiondoa leo, maana kwa sisi wenye mzabibu mmoja uani, hapa Dodoma, sijaona mgeni mwenye msaada kama huyu mheshimiwa.

Kwanza hana makuu. Mwenzake, ubwiri vinyoya, hudai mvua, na majani yasipolowa hashuki. Huyu hadai kitu. Mvua ikikatika na Dodoma ikarudia ukavu wake, yeye anatosheka na kivuli na hewa iliyokwama kati ya majani. Na nani anampa hicho kivuli? Ni sisi. Mzabibu wa uani mara nyingi haupandwi kwa ajili ya zabibu. Hupandwa ili baba mwenye nyumba apate pa kuweka kiti. Ukishatambaa juu ya kichanja ukaziba jua, ole wake atakayeusogelea na mkasi: "We, usikate, kivuli kitaisha!" Basi matawi yanalaliana, vikono vinakamata kamba ya kuanikia nguo, na mama anachambua mashati kutoka kwenye majani.

Hapo ndipo mheshimiwa anaingia, tena bila hodi. Geuza jani utamwona: vumbi jeupe lililofifia kuwa kijivu, kana kwamba mtu kapiga chafya mbele ya ungo wa unga. Pitisha kidole gumba, linatoka. Baada ya siku chache limerudi na jamaa zake. Kisha anahamia kwenye vichala, punje zikiwa bado changa, na huko kazi yake ni ya fundi hasa. Ganda la punje linakakamaa, nyama ya ndani inaendelea kukua, mwishowe punje inapasuka na kuanika mbegu zake hadharani. Bwana shamba angekuja, akanywa chai, akahutubia hadi magharibi, asingeeleza kwa ufasaha huo kwamba mzabibu huu haukupogolewa.

Maana mzabibu huzaa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye tawi la msimu uliopita. Ulaya, baridi huuvua majani na kuulaza. Dodoma haina baridi ya namna hiyo; anayeuamsha ni mkasi. Wakulima wa Mpunguzi na Hombolo wanalijua hilo: tawi linakatwa, yanabaki macho machache ya kuchipua, na baada ya miezi kama 4 wanavuna. Ndiyo maana mkoa huu huweza kuvuna mara 2 kwa mwaka. Sisi wa uani tunavuna kivuli, halafu tunalaumu udongo.

Wanaomdharau wajue pia ukoo wake. Asili yake ni Amerika Kaskazini. Mwaka 1845 alionekana Margate, Uingereza, na mtunza bustani aliyeitwa Tucker; kwa heshima hiyo wataalamu wakampa mheshimiwa jina la Tucker, sijui kama mwenyewe alifurahi. Haikupita miaka mingi akawa Ufaransa, na kufikia 1854 mapipa ya mvinyo yalikuwa yanalia njaa. Wafaransa wakamrushia salfa. Ni salfa hiyohiyo ambayo wakulima wa korosho kule Mtwara humpulizia ndugu yake wa mikoroshoni.

Ukitaka nawe kumpulizia, fanya asubuhi au jioni. Salfa kwenye jua kali huunguza majani yenyewe, na hapo mheshimiwa anakaa pembeni akikutazama unavyomsaidia kazi. Tena haipenyi msitu. Ukiyaacha majani yaliyofungamana, dawa inaishia juu, naye yuko chini anapumzika.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye uani, sifa zake nimezimaliza, sasa mfukuze. Noa mkasi. Fungua katikati hadi uone mbingu, kila tawi liachie macho mawili au matatu, na ulichokata kisilale chini ya shina. Kibebe ukakichome mbali. Baba mwenye nyumba atanung'unikia jua kwa wiki kadhaa. Mnunulie kofia.