Stesheni ya Voi Iko Gereji kwa Jirani

Yakhe, ukihamia Manchester na mzee wa Kiingereza akikuuliza umetoka wapi, sema Maldivi. Kule hakuna reli. Hana la kukufanya. Mimi kiherehere kikanishika nikasema Mombasa. Tulikuwa nje kwenye mapipa ya taka, mimi na soksi ndani ya kandambili, mzee jirani na mfuko wake. Macho yakamtoka. Mfuko ukaanguka. "Mombasa!" akasema. "Garratt!" Nikadhani nimetukanwa. Nikacheka. Huku ukitukanwa unacheka kwanza, maana yake utaitafuta ukifika nyumbani.

Kumbe Garratt ni gari la moshi. Injini mbili, moja mbele moja nyuma, halafu boila na chumba cha dereva viko katikati, vimebebwa kama jeneza. Kona ikija, kila injini inapinda kivyake. Zile kubwa kabisa za East African Railways, daraja la 59, zilitengenezwa papa hapa Manchester, mtaa wa Gorton, kiwanda cha Beyer, Peacock, mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja tani 250 na ushee, na kila moja ikapewa jina la mlima wa kwetu. Kwenye reli ya upana wa mita moja, hakuna injini ya mvuke kubwa kuzishinda iliyopata kutembea duniani. Zikapakiwa melini zikaja Mombasa kuvuta mizigo kupanda Nairobi. Baba yake mzee alikuwa akipiga ribiti kiwandani. Kiwanda kikafungwa 1966, na mzee bado hajamaliza matanga.

Mzee mwenyewe hajakanyaga Kenya. Chanjo anaogopa, jua haliwezi. Lakini laini yote, kuanzia daraja la Makupa mpaka Nairobi, anayo kichwani. Na Voi anayo gereji.

Nikaitwa chai. Nikapewa chai isiyo na tangawizi wala huruma, nikaingizwa gereji. Gari hamna. Kuna Voi! Jukwaa la abiria, tangi la maji, mabehewa, mlima Sagalla umechorwa ukutani, na njia ya Taveta inachepuka pembeni mpaka inapotelea nyuma ya mashine ya kufulia. Kila kitu kimegawanywa kwa 87. Mtu mzima anabaki sentimita mbili. Garratt, ambayo urefu wake unapita mita 31, imekuwa sentimita 36, rangi ya damu ya mzee, inang'aa. Mzee akasimama kando yake, ananiangalia mimi, mwenye mali.

Kisha maswali. Tangi la maji la Voi lilikuwa upande gani wa laini mwaka 1960? Bwana, 1960 babangu hajabalehe. Je, Garratt ikipanda Mazeras, pale reli inapojizungusha ikapita juu ya yenyewe, mlio wake ulikuwaje? Nikamwambia mimi treni ya Nairobi nimeipanda daraja la tatu, injini ya dizeli, usiku, nimelalia gunia la nazi la mtu. Mazeras sikuiona. Voi niliisikia tu, maana kulikuwa na mama anauza mayai dirishani, ana sauti huyo! Mzee akatoa daftari. Akaandika: mayai.

Hapo ndipo nilipojiona mshauri. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia Mama Zuhura kwamba sasa Wazungu wananitegemea kwa mambo ya Kenya. Mama Zuhura akaniuliza mashine yetu ya kufulia nitaitengeneza lini.

Shida ya kwanza ilikuwa upana. Reli yetu ya zamani ni mita moja. Gawa kwa 87, unapata milimita 11 na nusu. Dukani zipo za 12, tena hazikutengenezwa kwa ajili ya Voi. Zimetengenezwa kwa ajili ya Uswisi, kwenye treni za milimani za mita moja kama yetu. Kwa hiyo Voi imejengwa kwa reli za theluji. Mimi nikasema nusu milimita nani ataiona? Mzee akaweka kikombe chini taratibu. Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Treni nyingi za mezani za hapa Uingereza zimegawanywa kwa 76, lakini zinatembea kwenye reli ya milimita 16.5, ambayo ni saizi ya zile za kugawa kwa 87. Ukipiga hesabu ya haki, inatakiwa 18.83. Basi kuna watu wazima, wana pensheni, wana wajukuu, wanang'oa magurudumu yote na kulaza reli upya, taruma kwa taruma, kwa ajili ya milimita mbili na kitu. Na asiyefanya hivyo wanamwona hivi hivi. Kwetu watu hununiana kwa mpaka wa shamba. Shamba angalau utapanda muhogo.

Shida ya pili udongo. Voi ni nyekundu, hiyo hata mimi naijua, nimeifua kwenye shati. Mzee alikuwa ametia unga wa rangi, umetoka pinki. Nikamwambia niachie mimi. Nikaingia jikoni kwetu Mama Zuhura akiwa kazini, nikachukua mdalasini wa kusaga na paprika. Unachukua gundi nyeupe, unaipunguza kwa maji, unatia tone la sabuni ya vyombo ili ipenye, halafu unanyunyiza. Voi ikakubali! Ikawa Voi hasa. Mzee karibu alie. Mama Zuhura naye karibu alie, kwa sababu zake. Tukala pilau nyeupe.

Halafu panya. Panya wa Manchester wakapata habari kwamba kuna stesheni nzima imetiwa viungo. Wakala jukwaa. Wakala bustani ya stesheni masta. Wakaacha vinyesi njia kuu, kila kimoja, ukizidisha kwa 87, ni jiwe la kupindua treni. Mzee akasema ndiyo maana vitabu vyote vya reli ndogo vinakataza kutumia chakula. Mbona hukusema? Akasema alidhani ni desturi yetu.

Nyasi nazo! Wewe unafikiri nyasi zinabandikwa. Zinapigwa shoti. Kuna chujio lenye umeme wa volti nyingi, unatia nyuzi za nailoni za milimita nne. Waya mmoja unaubana kwenye msumari uliochomekwa ndani ya gundi mbichi. Ukitikisa, nyuzi zinashuka zimesimama wima, nyika kabisa. Mzee akaniambia shika msumari usianguke. Sijui kwa nini huwa nashika ninachoambiwa nishike. Voi ilipata nyasi kiasi. Zilizobaki zilikuja kwangu. Nikaenda shifti ya usiku na ndevu za kijani. Supavaiza akaniuliza, kwa heshima zote, kama leo ni sikukuu yetu.

Watu wa kuweka stesheni walinunuliwa kwa pakiti. Wajerumani watupu. Abiria wote wa Voi wamevaa makoti ya baridi na kofia, mmoja ana skii mabegani. Nikapewa kibano, lenzi ya kuvaa kichwani, na brashi yenye unywele mmoja. Kazi yangu kuwafanya Wataita. Nikakata makoti kwa wembe, nikapaka sura, nikamvalisha mama mmoja leso. Leso ya mama wa sentimita mbili, yakhe! Pindo jeusi, mji mwekundu, na jina hata sikujaribu. Nikampa sinia ya mayai, chembe za chumvi kumi hivi, nimezigandisha moja moja huku nimezuia pumzi. Nikapiga chafya. Mayai yakaenda Taveta. Nikaanza upya. Yule mwenye skii nikamkata skii, nikamwacha ameinua mikono mitupu, anaonekana anaibiwa.

Siku moja mzee akanitangazia kwamba tumekubaliwa kwenye maonyesho. Akasema mchango wangu hauna mfano. Nikainamisha kichwa, nikangoja nisikie ni upi. Akasema, "Una van."

Ndiyo, nina van. Nasambazia vifurushi. Nikajua sasa kwa nini chai ilikuwa haikatiki. Voi inagawanyika mbao kadhaa za plaiwudi, kila moja na miguu yake, waya zake chini zimesukwa, na pini za shaba za kuunganishia ili ncha za reli zikutane sawasawa. Zikipishana unywele, treni inaanguka. Mzee mgongo hauwezi. Mimi nikazibeba, kinyumenyume, kwenye ngazi, mzee yuko mbele yangu mikono mitupu ananikumbusha kwamba Sagalla ni tete.

Maonyesho yalikuwa ukumbi wa michezo wa shule. Watu foleni mpaka nje, wamelipa kiingilio! Kila mmoja ana begi mgongoni, akigeuka tu kuangalia daraja, begi linafyeka meza ya nyuma. Keki zinauzwa pembeni. Na kila meza ina nchi yake. Kuna stesheni ya Wales mvua inanyesha, kuna mgodi wa makaa ya mawe, kuna tramu za Ujerumani. Nikavishwa kitambulisho shingoni kimeandikwa Opereta. Nikampigia picha Mama Zuhura. Halafu nikapewa kitambaa na chupa ya spiriti.

Huo ndio uopereta. Umeme unapita relini kuingia kwenye magurudumu, na uchafu kidogo tu, vumbi, pumzi ya mtu, treni inasimama. Kuisukuma kwa kidole mbele ya watu ni aibu, hata kama umeizuia isianguke. Basi mimi nikawa mfutaji. Nafuta Mombasa, nikifika Nairobi, Mombasa imeshachafuka. Mtoto mmoja akamuuliza mamake huyu baba anatafuta nini. Na ule mdalasini, taa zilipoupasha joto, ukaanza kunukia. Watu wakawa wanatuuliza sisi chai bei gani.

Mchana mzee akaenda msalani, akaniachia rimoti. Mambo ya kisasa: umeme uko relini muda wote, na kila injini ina kijidude ndani kinachosikiliza namba yake. Zikitoka kiwandani zote huwa namba 3. Mzee alikuwa ameniambia injini ya pili niibadilishe namba. Nilibadilisha. Nilibandua stika ya ubavuni nikabandika nyingine, imekaa vizuri sana, imenyooka. Nikabonyeza 3. Garratt ya Mombasa ikaondoka. Garratt ya Nairobi nayo ikaondoka. Njia ni moja. Watu wakaanza kutoa simu. Nikabonyeza tena 3, zikaongeza mwendo. Zilikutana Voi, mbele ya yule anayeibiwa, na safari hii mikono juu ilimfaa. Makofi yalipigwa. Mzee alirudi akidhani yanapigiwa tangi la maji.

Injini hazikuumia, ila mimi niliwekwa mbele kujibu maswali, mbali na vitufe. Bwana mmoja akanyoosha kidole kwenye kibao cha injini. Mount Gelai, 5918. Huo mlima uko wapi? Nikamwambia, kwa sauti ya mwenyeji, Kenya. Akasema Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Akasema injini yenyewe imehifadhiwa makumbusho ya reli Nairobi, bila shaka nimeiona? Nikamwambia nimewahi kupita karibu nikikimbilia basi. Akanisikitikia. Akaninunulia keki.

Ndipo akatokea mzee Singasinga, kilemba cha buluu, ameshika mjukuu. Akainama. Akaikazia macho Voi muda mrefu. Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Wewe kijana! Huyu mama wa mayai nani amemweka hapa?" Roho ikanitulia. Nikasema mtu wa kwetu huyo, nimeokoka. Nikamwambia ni mimi, mzee wangu, shikamoo. Marahaba haikuja. Alikuwa faiamani wa hizo hizo 59, akilala Voi, akiamka Voi. "Upande huo ni daraja la kwanza. Askari angemfukuza. Mayai yalikuwa yanauzwa huku!" Akamwinua kwa kucha mbili, leso na sinia na gundi yake, akamhamisha.

Mzee jirani akaja mbio. Nikafungua mdomo nimtafsirie, kumbe wameshaanza wao kwa Kiingereza. Tangi lilikuwa upande gani. Mlio wa Mazeras ulikuwaje. Singasinga akaupiga ule mlio kwa mdomo, ukumbi mzima ukageuka, mabegi yakafyeka meza. Mzee jirani akawa anaandika na kufuta macho. Akamvisha mwenzake kitambulisho. Nilipotazama vizuri, kilikuwa changu.

Kura zilipohesabiwa, Voi ikawa ya pili, nyuma ya ile mvua ya Wales. Cheti kimeandikwa jina la mzee, chini yake kwa herufi ndogo pamewekwa shukrani kwa van.

Mwezi ujao tunakwenda Leeds. Mbele van ina viti vitatu. Mzee jirani atakaa kimoja. Garratt na boksi lake, imefungwa mkanda, kimoja. Singasinga naye anakuja, na amesema leseni anayo, tena haniamini kwenye kona. Nikauliza mimi je? Wakanitazama, wakatazamana. Nimeambiwa nyuma kuna kijinafasi, kati ya tangi la maji na njia ya Taveta, ila nisiguse nyasi.