Kokoto za Siku Saba

Ilikuwapo nchi iitwayo Maji Baridi, nchi ya kinamasi na vijito, ambako nyoka wa chuma aliyetoka pwani alifika mwaka 1899, akajikunja kupumzika, na kabla hajanyanyuka wanyama wa kila namna wakawa wamekwisha kujenga kumzunguka. Wakubwa walijitwalia vilima vyenye kivuli upande wa magharibi, wadogo wakasukumwa kwenye tope la mashariki. Na kwa kuwa riziki ya wadogo ilikuwa huko vilimani, digidigi, sungura, kanga na nguchiro waliamka kabla ya jogoo kwenda kuitafuta, kuche kusikuche. Katika kila wanyama 10 wa nchi hiyo, 4 walikwenda kwa miguu yao. Hao ndio waliotengeneza ushoroba, kinjia chenye upana wa hatua mbili, kilichoandamana na njia kuu ya ndovu chini ya mijakaranda. Humo digidigi walikimbia na maziwa na mikate mgongoni, wepesi kama upepo, wala hawakumla mtu nauli wala kumtimulia vumbi.

Mwaka 2015 baraza la nchi liliketi na kuandika juu ya ngozi ya swala kwamba katika kila vikapu 5 vya kokoto vitakavyotengwa kwa ajili ya njia, kikapu 1 kitakuwa cha ushoroba. Maandishi yalikuwa mazuri, nasema hivyo bila kusita, maana kila neno lililohitajika lilikuwamo. Kobe, mzee aliyeijua nchi tangu ikiwa matete matupu, alilia machozi ya furaha mbele ya watu. Ngozi ikasomwa, ikapigiwa vigelegele, ikakunjwa, ikatiwa mtungini, na mtungi ukapandishwa darini katika ghala la baraza.

Wakati huohuo Bwana Mchwa alifika vilimani. Palipokuwa na nyumba moja yenye bustani, aliinua kichuguu cha orofa 15, kando yake kingine, na kingine tena, hata jua likawa linachelewa kuwafikia majirani. Nisimwonee. Nchi ilikuwa imejaa, wanyama walihitaji pa kulala, na kujenga ni kazi ya heshima. Kilichomharibu ni namna alivyoutazama ushoroba, kwani kwake yeye ardhi isiyo na hati mkononi mwa mtu ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe.

Alianza kwa adabu. Asubuhi moja Mama Digidigi, aliyepita hapo kila siku na madebe mawili ya maziwa, alikuta rundo la kokoto limemwagwa katikati ya kinjia. Akabisha hodi. Mlinzi akatoka, akamwamkia, akamwambia kwa upole, "Mama, tuvumilie, ni za siku saba tu." Mama Digidigi akashukuru, akashuka kwenye njia ya ndovu, akapita ubavuni mwa ile miguu mikubwa huku pumzi ameibana kifuani, kisha akapanda tena upande wa pili. Siku saba zikapita. Juu ya kokoto ukaja mchanga, kando ya mchanga nondo, nyuma ya nondo kibanda cha mlinzi. Kichuguu kilipokamilika kikataka lango, lango likataka mteremko wa kuingilia ndovu, na mteremko ukaukata ushoroba vipande viwili. Sheria ya Maji Baridi ilimtaka kila ajengaye kichuguu atenge uwanja wa ndovu kupumzikia, hata kama waliomo vyumbani ni sungura watupu wasio na ndovu wala undugu na ndovu. Kwa ajili ya unyayo wa digidigi haikudai hata shubiri moja.

Mchwa wa jirani, alipoona mwenzake hakuulizwa, akapanda maua kwenye kinjia na kuyazungushia mnyororo. Wa tatu akawasimamisha hapo ndovu wa wageni wake. Wa nne hakujisumbua kutafuta kisingizio, akajenga ukuta. Hakuna siku hata moja ambayo ushoroba ulifungwa kwa amri. Ulikwenda kipande kwa kipande, kila kipande kwa ombi dogo ambalo mwungwana angeona aibu kulikataa, na kila aliyekuwa na mamlaka ya kusema hapana alikuwa amealikwa chakula kwenye orofa ya juu ya kichuguu.

Mwaka 2022 ndovu wakafunguliwa njia mpya iliyosimama juu ya nguzo kama mto uliopaa, urefu wake hatua 27,000, na aliyetaka kuipanda alilipa ushuru langoni. Ilipokuwa ikijengwa, kilio kilizuka juu ya mkuyu mmoja mkongwe uliokuwa katika mkondo wake, wenye umri wa karibu miaka 100, na mfalme mwenyewe akaamuru usikatwe. Ilikuwa haki kuuacha. Lakini miti mingine mingi ilianguka, na vinjia vya wadogo vilivyochimbuliwa chini ya nguzo zile havikupata mfalme wa kuvitolea amri. Nao ndovu wasio na ushuru wakabaki chini wakisukumana kama zamani, pua ya huyu mkiani mwa yule, asubuhi na jioni, wala hakuna aliyewaeleza kwamba kila digidigi aliyekata tamaa na kununua ndovu alikuwa amewaongezea msongamano.

Kisha likafanyika jambo ambalo hadi leo nikilisimulia koo hunikauka. Kiboko, waziri wa njia, ambaye tangu azaliwe hakuijua safari nyingine ila ya kutoka majini kwenda malishoni, alimtuma Kima karani akawahesabu wapitao ushorobani. Kima akaketi juu ya lile rundo la kokoto tangu macheo hadi machweo, akarudi na hesabu yake: wamepita watatu. Kiboko akasimama barazani na kusema, "Mmesikia wenyewe. Tuutengenezee nini ushoroba usio na watu? Heshima ya ardhi ni kujengwa." Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyemwuliza Kima wale wengine walikuwa wapi, ilhali palepale alipoketi, angeligeuza shingo tu, angeliwaona mamia kwa mamia katikati ya miguu ya ndovu, wakikimbilia riziki na roho mkononi.

Kobe akaomba kusema. "Mheshimiwa," akasema, "umekifunika kisima kwa jiwe, kisha ukawahesabu wachota maji."

Wiki hiyohiyo mwana wa Mama Digidigi alikanyagwa mbele ya lango la kichuguu cha kwanza, alipokuwa akilizunguka lile rundo. Baraza likakutana, likatoa rambirambi, likaamuru kila digidigi ajifunge ukanda wa manjano ili ndovu wapate kumwona. Kuhusu kokoto halikusema neno.

Matanga hayajaanuliwa, Korongo akashuka, ndege ambaye ukoo wake hulijua joto la huku na baridi ya kaskazini. Akawasimulia wafiwa habari za nchi moja ya huko, yenye mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari. Mwaka 1971, akasema, watoto zaidi ya 400 wa nchi hiyo walikufa njiani kwa mwaka mmoja, na wazazi wao, badala ya kuwanunulia mikanda, walikwenda kulala barabarani hadi wakubwa wakasikia. Ndipo vinjia vikatengenezwa, na leo nchi hiyo ina baiskeli nyingi kuliko watu. Mji wao mmoja ulikuwa umefukia mfereji wa kale ili kuwapisha ndovu. Wakaufukua, na mwaka 2020 maji yakapita tena mahali pake. Kiboko alipopelekewa habari hizo alijibu kwamba wale ni wale na sisi ni sisi. Korongo akasema, "Na wao ndivyo walivyoambiana, hadi walipochoka kuzika."

Tangu hapo, Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, wadogo wa Maji Baridi hukusanyika, digidigi kwa sungura, kanga kwa nguchiro, wakaingia wote pamoja katikati ya njia ya ndovu na kuifuata kwa mwendo wa taratibu, wengi kiasi cha kutoweza kusukumwa kando. Hawaimbi matusi wala hawarushi mawe. Mama Digidigi hutangulia, na wakilifikia lango la kichuguu cha kwanza husimama kidogo, kisha huendelea.

Ngozi ya mwaka 2015 haijafutwa. Imo mtungini darini, na kikapu 1 katika 5 kimeandikwa humo kwa wino usiochuja. Wewe mwenye ufunguo wa ghala, panda ukaishushe, uwasomee wenye vichuguu. Rundo la kokoto la siku saba lipo palepale, na nyasi zimeota juu yake.